Sponji wa baharini: Mnyama asiye na mdomo wala moyo, na mvutano juu ya faida yake

*Wanawake wa Jambiani wanamfuga kwa kamba, watabibu wanamdai dawa, na walinzi wa miamba ya matumbawe hawajakubaliana kama aongezeke au apunguzwe. Jibu la kila mmoja wao linategemea namna mwili wa mnyama huyu unavyopitisha maji.*

Tatizo lililowafikisha baadhi ya wanawake wa Jambiani, kijiji kilichopo pwani ya kusini-mashariki ya kisiwa cha Unguja, kwenye ufugaji wa sponji lilianzia katika zao jingine kabisa, nalo ni mwani, ambao kilimo chake cha biashara kilianzishwa katika vijiji vya Paje na Jambiani mwaka 1989 na baadaye kikaenea hadi kuwa chanzo cha kipato kwa wakulima zaidi ya 20,000 wa Zanzibar, wengi wao wakiwa wanawake.

Aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi, inayojulikana sokoni kwa jina la kotonii, haivumilii maji yaliyopata joto kupita kiasi, na katika maeneo ya kina kifupi ambako maji yakipwa hubaki yakipigwa na jua la mchana wa kaskazi, mmea huo hupatwa na maradhi yanayoyafanya matawi yake yapauke, yalainike na hatimaye yakatike kabla ya kuvunwa, hali inayomlazimisha mkulima kubaki na aina ya spinosumu ambayo malipo yake ni madogo.

Wapo waliouhamishia mwani kwenye maji ya kina kirefu zaidi, njia iliyofanyiwa utafiti na wanasayansi wa Zanzibar akiwemo Dkt. Flower Msuya, na wapo walioingia katika kazi ambayo pwani hii haikuwa nayo, yaani kumfuga mnyama anayening'inizwa kwenye kamba, asiyelishwa chochote na mfugaji wake, na ambaye kiunzi chake laini, baada ya kusafishwa na kukaushwa, huuzwa kwa ajili ya kuogea.

Kazi hiyo, iliyoanzishwa Jambiani na shirika lisilo la kiserikali la marinecultures.org lenye asili ya Uswisi, imepata wanaoitetea na wanaoitilia shaka, na hoja za pande zote mbili haziwezi kupimwa vizuri bila kumfahamu kwanza mnyama mwenyewe, kwa kuwa karibu kila jambo linalobishaniwa, kuanzia bei ya bidhaa hadi hatari ya maradhi, lina mizizi yake katika umbile lake.

Mnyama aliyedhaniwa mmea

Sponji hana kichwa, mdomo, tumbo, moyo wala mishipa ya fahamu, na akishajishikiza mwambani hubaki hapo maisha yake yote, hivyo haishangazi kwamba kwa karne nyingi wataalamu walibishana kama awekwe katika kundi la mimea au la wanyama. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kwamba wapo waliodai kuwa sponji hujikunyata mtu anapotaka kumng'oa, na akaongeza kwamba wengine walilikanusha dai hilo.

Ushahidi uliobadili mjadala ulipatikana Uskoti katika miaka ya 1820, pale daktari na mwanazuolojia Robert Grant, ambaye miongoni mwa vijana aliokuwa akitembea nao ufukweni alikuwamo Charles Darwin, alipomchunguza sponji hai kwa hadubini na kuona maji yakitoka kwa nguvu na bila kukoma katika matundu makubwa ya mwili wake, yakibeba chembechembe za uchafu. Grant ndiye aliyeliingiza katika sayansi jina la faila ya Porifera, maana yake wabeba vitundu, na leo faila hiyo ina spishi zaidi ya 9,000 zilizokwisha kuelezwa, ambazo nyingi ni za baharini na chache ni za maji baridi, wakiwemo sponji wa Ziwa Tanganyika.

Mwili uliojengwa kwa ajili ya maji

Juu ya ngozi ya sponji kuna maelfu ya vitundu vidogo viitwavyo ostia, ambavyo kwa kawaida upana wake hauzidi mikromita 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya milimita, na kupitia vitundu hivyo maji huingia katika mifereji inayogawanyika na kuzidi kuwa membamba mpaka inapofika kwenye vyumba vya mviringo visivyoonekana kwa macho matupu. Humo ndani ndimo ilimo injini yote ya mnyama huyu.

Kila chumba kimezungukwa na seli zenye kola, ziitwazo koanositi, ambazo kila moja ina uzi mmoja mwembamba unaopigapiga kama mjeledi, uitwao flagela, na kuuzunguka uzi huo kuna kola iliyofanywa kwa vidole vidogo mno vilivyosimama karibu karibu. Flagela ikipiga, maji huvutwa kupita katikati ya vidole hivyo, na bakteria na chembe nyingine za chakula zilizomo katika maji hunaswa pale, zikamezwa na seli na kuyeyushwa ndani yake, kwa kuwa sponji hana tumbo la pamoja na kila seli hula kwa niaba yake na ya jirani zake.

> Kila seli hula kwa niaba yake na ya jirani zake.

Jambo la kustaajabisha zaidi, na ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka, ni jinsi umbile la mifereji hiyo linavyotii kanuni za mwendo wa maji. Chumba kimoja ni kidogo sana, lakini vyumba vyote vikijumlishwa eneo lake la kupitisha maji ni kubwa mara nyingi kuliko eneo la vitundu vya kuingilia, na kwa sababu hiyo maji yanapofika vyumbani hupunguza mwendo hadi karibu kutulia, nazo koanositi zikapata muda wa kunasa chakula. Baada ya hapo maji yote hukusanywa katika mifereji inayozidi kupanuka na kutolewa kupitia tundu moja au matundu machache yaitwayo oskula, na kwa kuwa eneo la oskula ni dogo kuliko jumla ya vyumba, mwendo huongezeka tena na taka zikarushwa mbali ili mnyama asije akayavuta upya maji aliyokwisha kuyachafua.

Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba sponji mwenye uzito wa kilo 1 anaweza kupitisha hadi lita 24,000 za maji kwa siku, ingawa kiasi hicho hutofautiana mno kati ya spishi na spishi, na si nguvu yote hutoka kwa mnyama mwenyewe. Mwanabiolojia wa Marekani Steven Vogel alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mkondo wa bahari unaopita juu ya oskula huyavuta maji ya ndani yatoke, na hivyo sponji aliyekaa mahali penye mkondo mzuri hupata sehemu ya kazi yake bila gharama. Wafugaji wanaochagua mahali pa kutandaza kamba zao huitumia kanuni hiyohiyo, hata pale ambapo hakuna aliyewaeleza fizikia yake.

Kutokuwa na neva hakumaanishi kutokuwa na hisia. Sponji wa kioo wanaoishi katika maji ya bahari yenye ubaridi na kina kirefu wana tishu ambayo seli zake zimeungana na kuwa kitu kimoja, na kupitia tishu hiyo hupeleka ishara za umeme zinazosimamisha flagela zote pale maji yanapochafuka kwa tope. Mwaka 2022 watafiti waliomchunguza sponji wa Karibi aitwaye Aplysina archeri walieleza kwamba mnyama huyo husukuma ute wenye uchafu kutoka katika vitundu vyake vya kuingizia maji, dhidi ya mwelekeo wa mkondo wake mwenyewe, na kisha kujikunyata polepole na kuutupa nje, mwendo ambao wao waliufananisha na kupiga chafya, na ute huo ukawa chakula cha viumbe wadogo wanaoishi juu yake.

Kiunzi cha kioo, kiunzi cha nyuzi

Katikati ya ngozi ya nje na vyumba vya ndani kuna tabaka laini liitwalo mesohili, ambamo seli zinazotembea huweka vijiti vigumu viitwavyo spikula. Katika spishi nyingi vijiti hivyo ni vya silika, madini yaleyale yanayotengeneza kioo, na katika spishi nyingine ni vya kabonati ya kalisi. Maumbo ya spikula ndiyo yanayowawezesha wataalamu kuitofautisha spishi moja na nyingine, kwa kuwa rangi na umbo la nje la sponji hubadilika kulingana na mawimbi, mwanga na mahali alipoota.

Spikula kubwa kuliko zote zinazojulikana ina uhusiano na bahari ya Afrika Mashariki. Msafara wa Kijerumani wa utafiti wa kilindi uliotumia meli ya Valdivia kati ya mwaka 1898 na 1899 ulipata katika maji ya kina kirefu upande huu wa Bahari ya Hindi masalia ya sponji ambaye baadaye aliitwa Monorhaphis chuni, na ambaye mwili wake hushikiliwa na kijiti kimoja cha silika kinachoweza kufikia urefu wa mita 3. Uchunguzi wa matabaka ya kijiti cha mnyama wa spishi hiyo kilichopatikana katika Bahari ya Mashariki ya China, uliochapishwa mwaka 2012, ulikadiria umri wake kuwa takribani miaka 11,000.

Mfugaji wa Jambiani hana haja na kioo. Sponji afaaye kwa kuogea ni yule asiye na spikula kabisa, ambaye kiunzi chake kimefumwa kwa nyuzi za spongini, protini iliyo katika jamii ya kolajeni, zinazovuta maji, kuyaachia zikikamuliwa na kurudia umbo lake. Sponji wa namna hiyo hupatikana katika makundi machache tu kati ya maelfu ya spishi, na miongoni mwao wengi huwa na nyuzi ngumu mno au zenye mchanga ndani yake, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kuanzisha ufugaji ni kutafuta, kujaribu na kukataa, mpaka apatikane sponji wa asili ya mahali pale aliye laini, anayekua upesi na anayevumilia kukatwa.

Kipande kinachozaa mnyama mzima

Uwezo wa kuvumilia kukatwa ndio unaoufanya ufugaji huu uwezekane. Mwaka 1907 mwanazuolojia wa Marekani H. V. Wilson alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya kwenye pwani ya North Carolina, ambamo alimkamua sponji hai kupitia kitambaa chembamba cha hariri hadi mwili wake ukasambaratika kuwa seli mojamoja, na akaziona seli hizo zikitambaa, zikitafutana, zikishikana na hatimaye kujipanga upya kuwa sponji mdogo mwenye mifereji na vyumba.

Siri yake imo katika seli ziitwazo akiositi, ambazo huzurura ndani ya mesohili zikigawa chakula na ambazo zinaweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine kadiri mwili unavyohitaji. Hata koanositi zenyewe zinaweza kuacha kazi ya kusukuma maji na kuwa mbegu za kiume, ambazo katika majira ya uzazi hutoka kwenye oskula kama moshi, zikavutwa na sponji wa jirani kupitia maji anayoyachuja na kupelekwa hadi kwenye mayai yaliyo ndani ya mwili wake. Lava anayezaliwa huogelea kwa saa chache au siku chache tu, kisha hutua, hujishikiza na kuanza maisha ya kukaa mahali pamoja.

Mfugaji haingojei njia hiyo ndefu. Yeye hukata kipande cha sponji aliyekomaa, kama akatavyo mkulima pingili ya muhogo, akakifunga kwenye kamba iliyoshikiliwa na maboya, na jeraha hujifunga, kipande kikajitengenezea mifereji yake na kuendelea kukua kwa chakula kinacholetwa na maji yanayojaa na kupwa.

Hoja za pande mbili juu ya ufugaji

Wanaoutetea ufugaji huu wana hoja nzito. Mnyama huyu hahitaji mbolea, chakula wala dawa; anaishi katika maji yenye kina kinachotosha kumwepusha na joto la maeneo ya kina kifupi; bidhaa yake ikikauka haiozi na inaweza kusubiri mnunuzi; na mapato ya kipande kimoja kilichofikia ukubwa wa kuuzwa ni makubwa kuliko ya kilo nyingi za mwani. Wanawake waliojifunza kazi hiyo walilazimika pia kujifunza kuogelea, ujuzi ambao wanawake wengi wa pwani hawakuwahi kufundishwa ingawa maisha yao yote yapo baharini, na faida ya jambo hilo haipimiki kwa fedha peke yake.

Wanaoutilia shaka nao wanastahili kusikilizwa. Idadi ya wafugaji ni ndogo ikilinganishwa na maelfu ya wakulima wa mwani, na soko linategemea kwa kiasi kikubwa watalii, ambao waliadimika ghafla wakati wa janga la UVIKO-19 mwaka 2020. Nafasi yenyewe katika maji ya ndani ya mwamba inagombaniwa, kwa kuwa pwani ya Paje na Jambiani ni uwanja wa hoteli na wa michezo ya kuteleza juu ya maji kwa tiara, na kamba zenye maboya haziwezi kukaa mahali ambapo mbao za kuteleza hupita kwa kasi.

Hatari iliyo kubwa kuliko hizo inatoka katika biolojia. Vipande vyote vilivyokatwa kutoka kwa sponji mmoja vina vinasaba vilevile, na maradhi yanayoweza kumuua mmoja yanaweza kuwaua wote. Historia ya biashara ya sponji inatoa ushahidi wa kutosha: maradhi yaliyoenea katika Bahamas na Florida mwaka 1938 na 1939 yaliwaangamiza sponji wa kuogea kwa wingi kiasi cha kuivunja biashara iliyokuwa ikitegemewa na maelfu ya watu, na maradhi mengine yaliyoanza katika Bahari ya Mediterania mwaka 1986 yaliwapiga wazamiaji wa Ugiriki, Tunisia na nchi jirani waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo kwa vizazi vingi.

> Vipande vyote vilivyokatwa kutoka kwa sponji mmoja vina vinasaba vilevile, na maradhi yanayoweza kumuua mmoja yanaweza kuwaua wote.

Kwa uzito wa ushahidi huo, ufugaji wa sponji unafaa kuwa kazi ya pili pembeni ya mwani na uvuvi, wala haufai kutangazwa kuwa mbadala wa mwani. Vilevile mbegu zake zinapaswa kutoka kwa sponji wengi tofauti wa porini, jambo linalomfanya mfugaji kuwa na maslahi ya moja kwa moja katika usalama wa mwamba wa matumbawe ulio mbele ya kijiji chake.

Mshirika wa matumbawe au mrithi wake?

Kuhusu mwamba wenyewe, wanasayansi hawana kauli moja. Kwa muda mrefu ilikuwa vigumu kueleza jinsi miamba ya matumbawe inavyoweza kulisha viumbe wengi namna ile katika maji ya tropiki ambayo yana virutubisho vichache, na mwaka 2013 kundi la watafiti lililoongozwa na Jasper de Goeij, likifanya kazi kisiwani Curaçao, lilitoa sehemu ya jibu. Matumbawe na mwani hutoa sukari na mabaki mengine ya kikaboni yaliyoyeyuka katika maji, ambayo samaki hawawezi kuyala, lakini sponji wanaokaa mapangoni na nyufani huyanyonya, huyageuza kuwa seli mpya, na kuzipukutisha seli zao kuukuu kwa haraka ya ajabu, zikawa chakula cha konokono, kaa na minyoo, ambao nao huliwa na samaki.

Sponji pia huushikilia mwamba. Jaribio la Janie Wulff na Leo Buss lililochapishwa mwaka 1979 lilionyesha kwamba pale sponji walipoondolewa katika mwamba wa Karibi, matumbawe yaliyolegea na kupotea yalikuwa mengi zaidi kuliko pale walipoachwa, kwa sababu miili yao hufanya kazi ya kuyaunganisha matumbawe na msingi wake.

Kwa upande wa pili wapo sponji wa jenasi ya Cliona, ambao hutoboa ndani ya kiunzi cha matumbawe kwa kuyeyusha kingo za vipande vidogo vya chokaa na kuving'oa, na ambao majaribio yameonyesha kuwa hutoboa kwa kasi zaidi asidi ya bahari inapoongezeka kutokana na hewa ya ukaa. Mwaka 2013 James Bell na wenzake walihoji iwapo baadhi ya miamba ya matumbawe itageuka kuwa miamba ya sponji kadiri tabianchi inavyobadilika, swali lenye uzito mkubwa katika magharibi ya Bahari ya Hindi, ambako joto la El Niño la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe kuanzia Kenya hadi Ushelisheli.

Hata hivyo, sponji hawana kinga dhidi ya joto. Mwaka 2022 mamilioni ya sponji wa spishi ya Cymbastella lamellata walipauka katika eneo la Fiordland, New Zealand, wakati wa wimbi la joto la baharini. Spishi moja hunufaika pale ambapo nyingine hufa, na kwa hiyo msimamizi wa hifadhi ya bahari anayetaka kujua kama sponji wanaoongezeka katika mwamba wake ni dalili njema au mbaya hana budi kujua kwanza ni sponji gani.

Ushahidi uliofukiwa Oman

Ubishi mwingine unahusu ukale wa mnyama huyu. Mwaka 2009 Gordon Love na wenzake walitangaza katika jarida la Nature kwamba miamba ya Huqf, iliyo chini ya ardhi ya kusini mwa Oman na inayojulikana sana kwa visima vya mafuta, ina mabaki ya kikemikali ya aina ya mafuta ambayo leo hutengenezwa kwa wingi na sponji, na kwamba sehemu ya mabaki hayo ina umri wa zaidi ya miaka milioni 635. Kama ni kweli, ushahidi huo ni wa kale kuliko visukuku vya wanyama vinavyokubalika na wote.

Wapinzani walijibu kwa kemia. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2021 zilionyesha kwamba kemikali kama hizo zinaweza kutokea pale mafuta ya mwani wa kawaida yanapobadilishwa na joto na mgandamizo wa ardhi, ingawa wafuasi wa dai la kwanza hawajaliacha. Mwaka huohuo Elizabeth Turner wa Kanada alieleza maumbo ya nyuzi katika miamba ya kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo yenye umri wa takribani miaka milioni 890, akisema yanafanana na kiunzi cha spongini, nalo dai hilo likapokewa kwa tahadhari.

Wataalamu wa vinasaba nao wamegawanyika juu ya tawi lililojitenga kwanza katika mti wa wanyama, wengine wakisema ni sponji na wengine wakisema ni tenofora, viumbe laini wanaofanana kwa mbali na konyeza lakini wenye neva na misuli. Utafiti wa mwaka 2023 uliolinganisha mpangilio wa vinasaba katika kromosomu uliwapa nguvu wanaowataja tenofora, na endapo hoja hiyo itasimama, itabidi ielezwe kama sponji walipoteza neva walizokuwa nazo mababu zao au kama neva zilizuka mara mbili. Jenomu ya sponji wa Australia aitwaye Amphimedon queenslandica, iliyochapishwa mwaka 2010, ilionyesha kwamba mnyama huyo asiye na neva ana vinasaba vingi ambavyo wanyama wengine huvitumia kuunganishia neva zao.

Dawa, na swali la mwenye mali

Kiumbe asiyeweza kukimbia hujilinda kwa sumu, na sponji wamekuwa wakijilinda hivyo kwa muda mrefu kupita kiasi. Mwaka 1951 Werner Bergmann na Robert Feeney walieleza viini vya kikemikali visivyo vya kawaida walivyovipata katika sponji wa Florida, na kutokana na mfano wa viini hivyo ikatengenezwa dawa ya sitarabini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969 kutibu saratani ya damu. Dawa hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hutumika pia katika baadhi ya tiba za limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958.

Dawa nyingine, eribulini, ilitokana na kiini cha halikondrini kilichopatikana na wanasayansi wa Japani katika sponji mweusi wa nchi hiyo, na safari yake inaonyesha kwa nini uvunaji wa porini hauwezi kuwa jibu: tani 1 ya sponji iliyokusanywa New Zealand ilitoa takribani miligramu 300 tu za kiini hicho. Ilibidi wanakemia, wakiongozwa na Yoshito Kishi wa Chuo Kikuu cha Harvard, wajifunze kukijenga maabara na kukifupisha, mpaka dawa yenyewe ikaidhinishwa mwaka 2010 kwa wagonjwa wa saratani ya matiti.

Baadaye ikabainika kwamba katika visa vingi mtengenezaji wa sumu si sponji mwenyewe. Katika spishi fulani bakteria wanaoishi ndani ya mesohili hufikia hadi theluthi moja ya uzito wa mwili, na mwaka 2014 timu ya Jörn Piel ilionyesha kwamba karibu viini vyote vya thamani vinavyojulikana kutoka kwa aina moja ya sponji Theonella swinhoei hutengenezwa na bakteria wa kundi la Entotheonella.

> Kampuni ikishapata mpangilio wa vinasaba vya bakteria mmoja, haina haja ya kurudi kwenye mwamba alikotolewa.

Ugunduzi huo umeugeuza mgogoro juu ya nani mwenye haki ya kunufaika na sponji, kwa kuwa kampuni ikishapata mpangilio wa vinasaba vya bakteria mmoja, haina haja ya kurudi kwenye mwamba alikotolewa. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, ambayo Kenya na Tanzania ni wanachama wake, inaitaka kampuni inayochukua rasilimali ya kijenetiki ipate kibali cha nchi husika na kugawana nayo faida, lakini iliandikwa kwa kufikiria sampuli inayoshikika, ilhali sasa mpangilio wa vinasaba huwekwa katika hifadhidata za wazi na kusomwa na yeyote mahali popote. Watafiti wanaotetea uwazi huo wanasema kwamba vikwazo vitachelewesha dawa, nazo nchi zenye miamba zinasema kwamba uwazi usio na malipo ni uchukuaji wa bure, na hoja ya nchi hizo ina haki zaidi, kwa kuwa gharama ya kuulinda mwamba haigawanywi na wanaousoma kwenye kompyuta.

Mfuko wa Cali, uliozinduliwa Februari 2025 chini ya Mkataba wa Bayoanuwai, unazitaka kampuni kubwa zinazotumia taarifa hizo zichangie asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato yao, na angalau nusu ya fedha iende kwa watu wa asili na jamii za wenyeji, lakini uchangiaji ni wa hiari. Nchi itakayotaka kujenga hoja yake mbele ya mfuko huo itahitaji rekodi zinazoonyesha ni spishi zipi zimo katika maji yake na nani alizichukua lini, kazi inayozihusu moja kwa moja Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyopo Zanzibar na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya iliyopo Mombasa, zote zikihitaji wataalamu wa kuainisha sponji, ambao ni wachache duniani kote. Sharti linalostahili kusimamiwa bila kulegezwa katika kila kibali cha utafiti ni kwamba sehemu ya kila sampuli ibaki nchini ikiwa na lebo ya mahali, kina na tarehe, pamoja na nakala ya taarifa zote za vinasaba zitakazotolewa kwake.